Mchoraji na Mto wa Kwao

Ukiitazama ramani ya Uingereza, msomaji, utaona upande wa mashariki mto mdogo uitwao Stour. Mto huo watenga majimbo mawili, Suffolk upande wa kaskazini na Essex upande wa kusini, kisha waingia baharini. Si mto wa kumshangaza mgeni. Hauna maporomoko ya kutisha wala mamba wala viboko. Wapita polepole katika malisho ya ng'ombe, na kingoni mwake imeota miti ya mierebi iliyoinamia maji. Mtu aliyeiona Tana ikifurika wakati wa masika angeweza kuuvuka Stour pasipo kuuangalia mara ya pili. Lakini mto huu umejulikana duniani kote, na sababu yake ni mtu mmoja aliyezaliwa karibu nao, akaupenda, akauchora maisha yake yote. Jina lake ni John Constable.

Habari za mtu huyu zafaa kusomwa na vijana kwa kuwa zahusu swali ambalo kila kijana aliyesoma hukutana nalo: afanye nini na mahali alipozaliwa? Wako wanaodhani kwamba elimu ni ngazi ya kumtoa mtu kijijini, na ngazi ikishapandwa huachwa hapo hapo. Wako wengine wasemao kwamba mkataa kwao ni mtumwa, nao humaanisha kwamba mwana mwema hatoki kabisa. Maisha ya Constable hayakubaliani kwa ukamilifu na hawa wala na wale. Yeye alitoka, akaenda mjini, akakaa huko mpaka kufa. Lakini moyo wa kazi yake haukuhama. Na tutazame jinsi ilivyokuwa, kisha tuyapime.

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanya biashara ya nafaka na msagaji. Alikuwa na kinu cha maji mahali paitwapo Flatford, na kingine Dedham, ng'ambo ya mto, tena alikuwa na kinu cha upepo penye uwanda wa kijiji. Yamkini msomaji hajapata kuona kinu cha maji cha namna ile. Maji ya mto huzuiwa kwa boma, yakaongozwa katika mfereji mwembamba, yakalisukuma gurudumu kubwa la mbao. Gurudumu likizunguka, huzungusha mhimili. Nao mhimili hulizungusha jiwe la juu juu ya jiwe la chini, na ngano iliyo kati yake husagika ikawa unga. Kazi yote hufanywa na mto wenyewe, wala haudai mshahara.

Unga huo ulipakiwa katika matishali yaliyovutwa na farasi, yakashuka mpaka bandari ndogo ya Mistley. Na kutoka hapo jahazi la mzee Golding, jina lake Telegraph, liliuchukua kwa bahari hadi London. Farasi walitembea ukingoni huku kamba ndefu imefungwa katika tishali. Njia yao ilikatizwa na nyua za mbao zilizowekwa ili ng'ombe wasipotee, nao farasi walifundishwa kuziruka. Tena njia hiyo mara ilikuwa ukingo huu, mara ukingo ule. Kwa hiyo ilibidi farasi apandishwe katika tishali avushwe kama abiria. Mambo hayo mawili, farasi arukaye ua na farasi avushwaye mto, yakumbuke, kwa maana tutayakuta tena.

Mzee Golding alikuwa na wana watatu. Mkubwa alikuwa na udhaifu wa akili, basi ilitazamiwa kwamba John, aliyemfuata, ndiye atakayerithi vinu. Alipomaliza shule alifanya kazi ya usagaji kwa muda wa kama mwaka mmoja. Hakuipenda, lakini haikumpotezea wakati. Msagaji wa kinu cha upepo hawezi kuishi bila kuyasoma mawingu. Ni lazima ajue upepo watoka wapi, na dhoruba itafika baada ya muda gani, la sivyo matanga yake yatavunjika. Hivyo kijana yule alijifunza anga kama wanafunzi wengine wajifunzavyo hesabu. Miaka mingi baadaye ndugu yake mdogo, Abram, ambaye ndiye aliyeshika biashara ya baba, alisema kwamba akitazama kinu kilichochorwa na John aliona kwamba kinu hicho kitazunguka, na kwamba sivyo vilivyo vinu vyote vya wachoraji wengine. Sidhani kama mchoraji aweza kusifiwa na fundi kwa sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Rafiki yake wa kwanza katika uchoraji hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa John Dunthorne, fundi wa mabomba na vioo vya madirisha, aliyekaa jirani. Wawili hao walizoea kwenda makondeni pamoja kuchora, baada ya kazi za siku.

Katika mwaka wa 1799 Constable alikubaliwa katika shule ya Akademia ya Kifalme ya Sanaa huko London. Yafaa ufahamu desturi za wachoraji wa wakati ule. Picha zilipangwa kwa vyeo, kama watu. Picha zilizoheshimiwa kuliko zote zilikuwa za vita, za wafalme, na za hadithi za Wayunani na Warumi. Picha za nchi, yaani za miti, mito na mashamba, zilikaa chini. Na hata hizo zilitakiwa zifuate mfano wa mabwana wa zamani, na zaidi wa Claude Lorrain, mchoraji wa karne ya kumi na saba aliyeichora nchi ya Italia. Constable mwenyewe alimheshimu Claude mpaka kufa. Lakini aliona hatari. Vijana wengi walikuwa wakichora Uingereza kana kwamba ni Italia, kwa rangi za kahawia kama za picha zilizochakaa kwa moshi na uzee.

Yasimuliwa kisa kimoja juu ya jambo hilo. Sir George Beaumont, tajiri aliyempenda Constable na kumsaidia, aliamini kwamba rangi ya kufaa kwa picha ya nchi ni ile ya fidla kuukuu. Constable hakubishana naye kwa maneno. Alichukua fidla kuukuu, akatoka nayo nje, akailaza juu ya majani mabichi ya bustani. Kila aliyekuwa na macho aliona kwamba majani ni ya kijani na fidla ni ya kahawia.

Mwaka wa 1802 alipewa nafasi ya kuwa mwalimu wa kuchora katika chuo cha askari. Ilikuwa kazi ya mshahara wa hakika, lakini aliikataa. Alimwandikia Dunthorne kwamba amekuwa akizikimbilia picha za watu na kuupokea ukweli kutoka mikononi mwa wengine. Sasa atarudi Bergholt, atafute ukweli mahali ulipo. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kwa mtu asiyejulikana, asiye na mnunuzi, huo ulikuwa uamuzi mzito.

Mpime na mchoraji mwingine wa wakati wake, J. M. W. Turner, aliyezaliwa mwaka mmoja tu kabla yake, 1775. Turner alikuwa msafiri. Alikwenda Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani, akachora milima ya theluji, bahari zilizochafuka na miji ya mbali. Naye alifanywa mwanachama kamili wa Akademia mwaka wa 1802, akiwa kijana wa miaka 26. Constable hakupata kutoka Uingereza hata mara moja. Yeye alipewa uanachama kamili katika mwaka wa 1829, miaka 27 baada ya Turner. Mimi simdharau Turner kwa ajili ya safari zake, wala simsifu Constable kwa ajili ya kukaa tu. Ndege wa angani na mti wa kondeni wote ni viumbe. Nataka uone tu kwamba njia aliyoichagua Constable haikuwa ya mkato.

Wala usidhani kwamba hakujaribu kwingine. Mwaka wa 1806 alikwenda kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika nchi ya maziwa na milima ambayo wachoraji na washairi walikuwa wakiisifu sana. Alichora huko picha nyingi. Lakini rafiki yake C. R. Leslie, aliyeandika habari za maisha yake, asema kwamba upweke wa milima ile ulimlemea moyoni. Constable alitaka nchi yenye watu: vijiji, makanisa, nyumba za wakulima na vinu. Hapa twajifunza jambo la maana. Alichokipenda katika bonde la Stour hakikuwa uzuri mtupu. Alipenda nchi iliyofanyiwa kazi, nchi ambayo katika kila boma, kila ua na kila njia mkono wa mtu waonekana.

Na kwa kweli mahali pale palikuwa na sababu nyingine ya kupendwa. Kasisi wa East Bergholt, Dakta Rhudde, alikuwa na mjukuu jina lake Maria Bicknell, naye alizoea kuja kumtembelea babu yake. Mwaka wa 1809 Constable na Maria walipendana. Babu alikataa katakata; hakutaka mjukuu wake aolewe na mwana wa msagaji asiye na kipato cha kutegemewa, na watu wa Maria walihofu kwamba mzee atamnyima urithi. Wapenzi hao walingoja miaka saba, wakiandikiana barua. Katika miaka hiyo Constable alizidi kuchora mashamba yaliyokuwa kati ya nyumba ya baba yake na nyumba ya kasisi. Vimebaki hata leo vitabu vyake viwili vidogo vya kutia mfukoni, kimoja cha mwaka wa 1813 na kimoja cha 1814, vimejaa michoro ya penseli: jembe la kukokotwa, lango, kinu, mwerebi, mtu aliyepumzika. Mwaka wa 1815 alionyesha picha ya mafundi wakiunda tishali katika gati la baba yake huko Flatford, na sehemu kubwa ya picha hiyo aliichora pale pale, nje, mbele ya mafundi. Mama yake alikufa mwaka huo wa 1815, na baba yake mwaka uliofuata. Tarehe 2 Oktoba 1816 alimwoa Maria huko London, naye babu hakuwa radhi.

Sasa, msomaji, twafika penye jambo la kustaajabisha. Baada ya kuoa, Constable alikaa London na mkewe, na watoto wakaja, mpaka wakawa saba. Nyumba kubwa ya wazazi kijijini iliuzwa. Hakuwa tena mwenyeji wa East Bergholt. Alikuwa mtu aendaye kuwaona ndugu, kisha arudi. Na wakati huo huo ndipo alipochora picha kubwa za Stour ambazo zilimpatia jina. Zilikuwa picha zenye upana wa kama futi sita, ukubwa ambao watu waliuweka kwa ajili ya wafalme na vita. Ya kwanza aliionyesha mwaka wa 1819, nayo yaonyesha farasi mweupe anayevushwa mto katika tishali. Rafiki yake, kasisi John Fisher, aliinunua kwa gini 100. Ikafuata ya kinu cha Stratford mwaka wa 1820, kisha Gari la Majani Makavu mwaka wa 1821, kisha mandhari ya Stour karibu na Dedham mwaka wa 1822, kisha picha ya mlango wa maji mwaka wa 1824, na ya farasi anayeruka ua mwaka wa 1825. Zote zatoka katika sehemu ya mto ambayo kijana mzima angeweza kuitembea kwa miguu asubuhi moja. Farasi wa utoto wake, yule avushwaye na yule arukaye, walikuwa wamemfuata mpaka mjini.

Mimi naona kwamba umbali ulimsaidia. Mtu aliye ndani ya nyumba haioni nyumba, huona kuta. Lakini umbali peke yake haungetosha kama hangekuwa na akiba. Constable alikuwa na vile vitabu vya mfukoni, na michoro ya rangi aliyoifanya makondeni kwa miaka mingi. Hayo ndiyo aliyoyakusanya mezani huko London. Na kabla ya kuchora picha yenyewe, alichora kwanza rasimu ya rangi iliyo na ukubwa ule ule wa futi sita, kazi ambayo wachoraji wengine hawakuwa na subira nayo.

Natulitazame hilo Gari la Majani Makavu, maana ndilo lijulikanalo zaidi. Saa ni adhuhuri. Gari tupu la mbao, lenye farasi watatu, limeingia katika maji haba ya mto karibu na kinu cha Flatford, na ndani yake wamo watu wawili. Ng'ambo, mbali katika malisho yenye jua, wavunaji wadogo kama sisimizi wanakata majani. Kwenye ukingo wa karibu mbwa amesimama akitazama gari. Upande wa kushoto pana nyumba nyeupe yenye paa jekundu na moshi katika bomba, na mwanamke ameinama majini. Juu ya yote hayo ni mawingu makubwa yanayotembea. Wakati alipokuwa akiichora, alitaka kuwa na hakika ya umbo la gari, basi mwana wa Dunthorne alimchorea huko kijijini gari halisi, akampelekea London. Hakutaka gari la kubuni.

Nyumba ile nyeupe ilikuwa ya mkulima Willy Lott. Yasemekana kwamba mzee huyo, aliyeishi zaidi ya miaka 80, hakupata kukaa nje ya nyumba yake siku nne kamili katika maisha yake yote. Fikiri, basi: Lott hakuondoka, wala hatuna neno wala mstari mmoja alioutuachia juu ya mahali pale. Constable aliondoka, naye ndiye aliyetuonyesha nyumba ya Lott. Kukaa si lazima kuwe ndiko kuona.

Picha hiyo ilipoonyeshwa London mwaka wa 1821, haikupata mnunuzi. Watu waliyacheka madoa madogo meupe aliyoyatia juu ya majani na maji, wakayaita theluji ya Constable. Hawakutambua kwamba ni umande na mng'ao wa jua. Mwaka wa 1824 mfanya biashara mmoja aliinunua pamoja na picha nyingine, akazipeleka Paris. Huko Wafaransa walisimama mbele yake kama watu waliofunguliwa dirisha. Mchoraji mkubwa Delacroix alizistaajabia, na Mfalme Charles wa Kumi akampa Constable nishani ya dhahabu. Rafiki zake walimhimiza aende Paris apokee sifa zake. Hakwenda.

Ulikuwa uzio gani uliomzuia? Yeye mwenyewe alikwisha mweleza Fisher katika barua ya mwaka wa 1821. Alimwambia kwamba sauti ya maji yanayotoroka katika boma la kinu, mierebi, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi na kuta za matofali ndivyo vitu avipendavyo, na kwamba kando ya Stour ndiko alikofanywa kuwa mchoraji. Ona vitu anavyovitaja. Mtu mwingine angetaja machweo ya jua. Yeye ataja nguzo yenye utelezi.

Lakini usimfikirie kuwa mtu wa kuota ndoto. Katika mwaka wa 1821 na 1822 alikuwa akikaa Hampstead, kilimani, kaskazini mwa London, akachora mawingu peke yake kiasi cha picha mia. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, upepo watoka wapi, na hali ya hewa ilivyokuwa. Huo ni utaratibu wa mwanasayansi. Mapenzi yake hayakumzuia kupima, yalimlazimisha apime.

Sasa ni wajibu wangu kukuonyesha na upande wa kivuli, kwa sababu historia isiyo na kivuli si historia. Miaka ile ambayo Constable alikuwa akichora mavuno ya amani, mashariki mwa Uingereza hakukuwa na amani. Vita na Napoleon vilikwisha mwaka wa 1815. Askari walirudi wakitafuta kazi, bei ya nafaka ikaanguka, ujira wa vibarua ukawa haba, na mashine za kupuria ngano zikaja kuwanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Katika mwaka wa 1816 na tena 1822 vibarua wa majimbo hayo walivunja mashine, na maghala na marundo ya majani yalichomwa moto usiku. Constable alijua. Mwezi wa Aprili 1822 alimwandikia Fisher kwamba ndugu yake huko Suffolk ana wasiwasi, kwa kuwa haupiti usiku pasipo kuonekana moto, karibu au mbali. Moto huo hutauona katika picha hata moja. Wavunaji wake ni wadogo, wako mbali, wamevaa nguo nyeupe, nao hawana njaa. Tena katika siasa alikuwa upande wa wenye mali. Mswada wa kurekebisha uchaguzi wa Bunge wa mwaka wa 1832 aliuogopa.

Je, basi, picha zake ni uongo? Wako wataalamu wasemao kwamba alifunika taabu ya maskini kwa majani mazuri. Wengine husema kwamba mchoraji hafungwi kuchora kila kitu, na kwamba alikuwa akichora nchi ya utoto wake, ya kabla ya taabu hiyo. Mimi nasema kwamba kila upande una sehemu ya haki. Aliyoyachora aliyachora kwa ukweli: kinu chake huzunguka, wingu lake hunyesha, na gari lake laweza kubeba mzigo. Lakini alitazama akiwa mwana wa mwenye kinu. Kibarua aliyelipwa kwa siku katika malisho yale angeyaona malisho kwa macho mengine, naye hakuwa na brashi. Kwa hiyo tumwamini Constable kwa yale aliyoyaona, na tusimwache atushuhudie yale aliyoyapa kisogo. Mtu akipenda mahali, mapenzi humfungua jicho moja. Kazi ya kulifungua la pili ni ya akili na dhamiri.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Maria alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu, naye alimhamisha huku na huku kutafuta hewa nzuri, mara Hampstead, mara Brighton pwani. Alikufa tarehe 23 Novemba 1828, akamwachia watoto saba. Miezi michache baadaye, Februari 1829, Akademia ilimpa uanachama kamili, kwa wingi wa kura moja tu. Rais wake alimwambia kwamba ajihesabu mwenye bahati. Heshima aliyoingoja tangu ujana ilimfikia wakati aliyetaka kumwonyesha hayupo. Alifariki tarehe 31 Machi 1837, akazikwa Hampstead pamoja na mkewe. Hakurudishwa Stour hata maiti.

Hata hivyo mto ulimrudia. Alipokuwa angali hai, siku moja alisafiri kwa gari la farasi kupita bonde lile, akawaambia abiria wenzake kwamba nchi ni nzuri. Abiria mmoja asiyemjua alimjibu kwamba ndiyo, hii ni nchi ya Constable. Tangu hapo jina hilo halikuondoka. Gari la Majani Makavu lilitolewa kwa taifa mwaka wa 1886, nalo liko katika Jumba la Picha la Taifa huko London. Picha moja ya mlango wa maji iliuzwa mwaka wa 2012 kwa zaidi ya pauni milioni 22; Constable aliiuza kwa gini 150. Kinu cha Flatford na nyumba ya Lott vilitiwa mwaka wa 1943 katika mikono ya chama kitunzacho mahali pa kale, na baada ya vita kinu kikawa mahali ambapo wanafunzi huja kujifunza mimea, wadudu na maji ya mto. Na mwaka wa 1970 bonde la Dedham liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria. Mapenzi ya mtu mmoja, yaliyotiwa katika turubai, yamekuwa boma la kulinda nchi.

Nawe, msomaji, labda utakwenda mjini, na pengine mbali zaidi ya mji. Sikuzuii, wala Constable asingekuzuia. Lakini kabla ya kuondoka nakupa kazi. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Nenda mahali pamoja unapopajua sana: kisimani, gatini, sokoni, au penye mti ambao wazee hukaa chini yake. Andika tarehe, saa, na upepo watoka wapi. Chora kama waweza kuchora. Kama huwezi, eleza kwa maneno. Andika jina la kila chombo na la kila mti, na kama hulijui muulize bibi yako. Kisha andika pia ni nani afanyaye kazi pale, analipwa kiasi gani, na usiku wake ukoje. Rudi kesho saa ile ile, uandike tena. Ukifika ukurasa wa mwisho, liweke daftari hilo katika sanduku utakalosafiri nalo.